Skrabu ya Uso Siku ya Posa

Nimechoka kuulizwa uso wangu ulipatwa na nini, kwa hiyo naeleza mara moja.

Jumamosi, wazee wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kwetu Kilole kutoka Handeni kuleta posa. Kwao, neno la shangazi yake ndilo la mwisho. Asubuhi nikapaka skrabu ya uso. Pakiti ilisema nijaribu kwanza mkononi, kisha nisugue taratibu kwa vidole. Nikaona vidole vitanichelewesha. Nikachukua katani tunayosugulia miguu, nikasugua mpaka ngozi ikachubuka.

Wageni walipopiga hodi, nilijifunika kanga nikabakiza macho tu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Jamani, binti ana haya huyu! Wa hivi siku hizi mnawaona wapi?”

Wazee wakaitikia kwa furaha. Mama, anayejua sina haya kiasi hicho, akatazama dari. Badala ya kusema ukweli, nikazidi kuinama.

Shangazi akasogea, akanifunua kanga taratibu amwone mkwe wake vizuri.

“Mwanangu,” akasema, “umeburutwa na bodaboda?”