Wembe Mmoja wa Msiba

Juzi nilisimama kwenye duka la dawa nikashindwa kununua wembe. Mwanangu wa kwanza ameanza kuota ndevu, na ngozi yake ni ya kulalamika, ukiigusa tu inatoa vipele. Muuzaji, binti mwenye subira, alinipangia kaunta nzima. Huu una makali mawili, huu matatu, huu matano na utepe wa mafuta. Huu ni mashine ya chuma, unabadilisha wembe wa ndani. Nikamuuliza upi hauumizi. Akasema inategemea mtu. Nilitoka mikono mitupu, nimechanganyikiwa vilevile nilivyochanganyikiwa nikiwa na miaka tisa kule Kasulo, wilayani Ngara, mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka wakajaa kambi ya Benaco.

Ngozi hiyo, rafiki yangu, mwanangu ameirithi kwangu. Siku hizo shule ilitaka kila kichwa kinyolewe, wavulana na sisi wasichana, na kinyozi wa nyumba yetu alikuwa bibi mzaa baba. Alitumia wembe mtupu, ule unaouzwa umefungwa kwenye karatasi, akiushika kwa vidole viwili bila mpini wowote. Alikulowesha kwa maji ya uvuguvugu, akakupaka sabuni ya mche, akakibana kichwa chako katikati ya magoti yake yanayonukia moshi, kisha ukausikia wembe ukikwaruza karibu na sikio. Watoto wenzangu waliinuka pale wakiwa wanang'aa. Mimi niliinuka salama, ila kesho yake kichwa kilikuwa kimevimba, kina vipele, na nzi wananisindikiza mpaka darasani.

Majirani walikuwa na jibu lao. Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mto, kule walikotoka wakimbizi, akaolewa kwetu zamani, na wao walisema ngozi ile ni ya huko. Ulikuwa utani tu. Lakini mwaka ule utani wa namna hiyo ulianza kuwa mzito. Barabara ilijaa watu na vumbi la malori, vilima vikaisha miti vikafunikwa maturubai ya bluu, na kila uliyekutana naye aliulizwa katoka wapi. Kisimani watoto waliniuliza mimi ni wa upande gani. Nilimpelekea mama swali hilo. Alinipa kisu, akasema nimsaidie kumenya ndizi.

Kutafuta wembe utakaonifaa kukawa kazi ya nyumba nzima, na kila mtu alikuwa na wake. Baba aliapa kwa mashine yake ya chuma na jiwe la shabu la kujipaka baada ya kunyoa. Alinijaribia mara moja. Haikunikata, lakini vipele vilikuja vilevile, na shabu ilinifanya nizunguke ua nikipiga kelele. Kisha sokoni Benaco vikaanza kuonekana viwembe vya plastiki, vya njano, vyepesi, ambavyo watu wa kambini walivibadilisha kwa ndizi na maharage. Waliovijaribu walisema vinapita kama kidole. Wengine walisema ni vya kuchezea watoto, nywele ngumu haviziwezi. Mimi nilisikiliza wote nikawaamini wote.

Mwalimu naye akaniongezea kazi. Alisimama mbele ya darasa akatueleza habari za UKIMWI, akasema wembe hauchangiwi, kila mtu na wake. Nilimfikishia bibi maneno hayo kama mjumbe wa serikali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mwalimu ana haki, ila wembe wa shule ni kitu kimoja na wembe wa msiba ni kingine.

Hapo nikueleze. Kwa bibi, mtu akizikwa, siku ya kumaliza matanga watu wake wa damu walinyolewa kwa wembe mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Bibi aliupitisha kwenye moto kati ya kichwa na kichwa. Nywele zote zilikusanywa kwenye jani moja la mgomba na kufukiwa shambani. Wake walioolewa pale, pamoja na majirani, walinyoana wenyewe pembeni. Kwa hiyo aliyetaka kujua nani ni wa nyumba ile hakuhitaji kuuliza, alikaa tu akatazama.

Babu alifariki mwaka huohuo, maharage yakiwa bado na maua. Siku ya kumaliza matanga tulikaa uani kwa mstari. Baba alianza, wakafuata shangazi zangu, kisha watoto. Nilihesabu vichwa vilivyobaki mbele yangu. Niliuogopa wembe ule kwa sababu ya mwalimu, niliuogopa kwa sababu ya vipele, na niliutaka kuliko kitu chochote, kwa sababu majirani wote walikuwa pale wanatazama.

Zamu yangu ilipofika, bibi aliuweka wembe chini. Alifungua pindo la khanga yake akatoa kiwembe cha njano, kipya, akanivuta magotini.

Sitasahau jinsi kilivyopita. Hakikukwaruza, hakikuvuta, hakikuuma hata nyuma ya sikio. Sijawahi kunyolewa vizuri vile maishani, na nililia mpaka povu likaniingia mdomoni. Bibi alidhani ameniumiza, akawa ananitafuta jeraha.

"Kwani mimi si wa nyumba hii?" nikamuuliza.

Alijibu kwa sauti ya kusikika ua mzima.

"Ngozi hii ni ya babu yako. Nimeinyoa tangu nikiwa bibi harusi, naijua. Kiwembe hiki nilimtafutia yeye, akaondoka hajakitumia."

Akamaliza kuninyoa, akaziweka nywele zangu kwenye jani pamoja na za wenzangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akaingia ndani haraka. Mimi sikuelewa kitu. Nilichokiona ni kwamba wenzangu walikuwa na wembe wao na mimi wangu. Wiki nzima nilijipapasa kichwa nikisubiri vipele ili nifanane na babu, na havikuja hata kimoja. Mpaka leo sijui kama alinihurumia, kama alimtii mwalimu, au kama alikuwa anawajibu majirani. Labda ni yote.

Wakimbizi waliondoka, maturubai yakatoka, miti michache ikarudi. Bibi naye tulimzika mwaka jana. Siku ya kumaliza matanga kila mtu alikuja na wembe wake ndani ya pakiti, wengine walishanyolewa saluni Ngara mjini, na wasichana waliosuka wakasamehewa. Ndivyo inavyotakiwa, hata mimi wanangu nawafundisha hivyo. Nilimwomba binti wa kaka yangu aninyoe. Akacheka kwa aibu, akasema shangazi nisamehe, sijawahi kumnyoa mtu.

Basi nikajinyoa mwenyewe bafuni, nikipapasa kisogo nisichokiona. Nikakusanya nywele kwenye jani, nikatoka nalo uani kutafuta za wenzangu. Hakukuwa na za mtu mwingine. Nikaenda mgombani, nikachimba kishimo, nikafukia nywele za mtu mmoja.