Siku Mkuu wa Nchi Alipogonga Kichwa Nyambizini

Nakumbuka sauti ya bibi yako kwenye simu, mwanangu, kama mtu anayeongea na ukuta: "Wamemchukua Daudi. Walikuja kwa shangazi, barua yako mkononi." Nilikuwa kwenye kibanda cha simu, kituo cha treni cha Rissne, huku Stockholm. Daudi ndiye baba yako, ndugu yangu, na tangu siku ile hatukumwona tena. Nakuandikia kwa sababu nikikueleza kwa mdomo unanijibu Kiswidi, nami naishiwa nguvu.

Ngoja nirudi nyuma. Miaka ile ya themanini nilikuwa mkimbizi wa darasa la nne tu, naosha vyombo jikoni kwa wanamaji. Tukaambiwa mkuu wa nchi yetu yuko Stockholm kwa ziara, na Alhamisi ataonyeshwa nyambizi. Alhamisi, unajua mwenyewe, Waswidi na supu yao ya njegere. Sufuria nikapewa mimi niishushe ndani ya nyambizi.

Wiki nzima nilihangaika na barua ya kumwomba mkuu amsamehe baba yako. Yeye, mwalimu wa watu, alisingiziwa kusaidia waasi, akajificha. Nikaandika kila kitu, hata kijiji cha shangazi, ili msamaha ujue pa kwenda. Ujinga huo ni wangu, simpi mtu.

Mle ndani ni finyu, walinzi waliachwa gatini. Mkuu tuliyemkimbia alishuka ngazi kinyumenyume kama sisi, akagonga kichwa kwenye bomba, akacheka. Tukawa goti kwa goti.

"Wewe wa kwetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Supu haina pilipili. Watu hawa wanaishije?"

"Wanavumilia, mzee."

Akacheka tena, akasogeza bakuli nimwongeze. Barua ilikuwa kifuani, chini ya aproni. Lakini nimelelewa kwamba mkubwa haendewi moja kwa moja, anaendewa kupitia mtu wake. Nikamwongezea supu tu. Nilipopanda juu nikampa barua katibu wake, Gideoni Balinda, kwa mikono miwili.

"Umefanya vizuri, ndugu yangu," akasema. "Itafika."

Ikafika kweli.

Mzee Yusufu, fundi cherehani niliyekaa naye, hakunigombeza kwa sauti. Alivua miwani. "Ulimpakulia kwa mkono wako, ukamwacha, ukaenda kumbembeleza mlinda mlango." Kisha akanikorogea uji, akakaa nami mpaka nikaumaliza. Ndivyo ninavyotaka nawe uyapokee haya, pamoja na uji.

Sasa nasikia mmemchagua Balinda yuleyule, siku hizi mzee wa watu wetu mtaa wa Skärholmen, awe msemaji wetu siku ya posa yako. Hukujua, sikulaumu. Nilikunyamazia miaka yote nikidhani nakulinda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikipelekea barua mwenyewe.

Heshima ni nzuri, mwanangu, wala sikukatazi kupiga magoti. Ila neno lenye uhai wa mtu ndani yake usimpe mjumbe. Lipeleke mwenyewe, hata sauti ikitetemeka. Na maficho ya mtu usiyaweke kwenye karatasi.

Mungu akupe nyumba yenye kicheko, na watoto watakaokujibu kwa lugha yoyote, mradi wakujibu. Posa nitakuja, nimeshanyoosha koti.

Lakini Balinda, kabla hajafungua kinywa kwa ajili ya binti wa Daudi, asimame mbele ya wageni anijibu: barua yangu ulimpa nani, na Daudi mlimlaza wapi?