Soli ya Namba Kumi na Saba

Kaka yangu hajui majina ya watu. Mkiambiwa ni kiburi, msikubali. Ni macho yake tu hayapandi juu ya kifundo cha mguu. Miaka kumi na tisa amekaa nje ya lango la uwanja wa riadha na meza yake, gundi yake na kopo lake la misumari, na mtu akipita akamsalimu, yeye huitikia kiatu. "Yule mwenye kisigino kilicholika kwa ndani amekuja leo?" ataniuliza. Jamani, mimi nitajuaje? Ndiyo maana watu wakamwita Fundi Soli, na jina likamkaa, hata mkewe humwita hivyo wakigombana.

Mimi ni dada yake mdogo. Kazi yangu ilikuwa ndani ya uwanja huohuo, katika chumba cha chini ya jukwaa, ambako Daktari alikuwa akifanya utafiti wake. Zamani kilikuwa stoo ya mipira, na ukifunga mlango kilinuka ngozi na vumbi. Tulikuwa na vitanda viwili, mizani, kabati la mafaili, na mguu wa plastiki wenye mifupa yote, umesimama dirishani. Daktari, mwanamke mfupi anayetembea kama amechelewa hata siku ambayo amewahi, alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini wakimbiaji vijana wanapasuka mfupa wa ugoko bila kuanguka wala kugongwa na kitu. Aliandikisha wakimbiaji arobaini, akawapa namba, na kila Jumatatu mimi niliwauliza maswali yaleyale na kuweka alama kwenye fomu. Wiki hii umepata maumivu? Wapi? Yamekupunguzia mazoezi?

Loo, majibu yao! Mtu anaingia anachechemea, unamuuliza, anakujibu, "Mzima kama chuma, mama." Chuma gani hicho kinachochechemea? Niliwabana. Niliwaambia kocha hazioni fomu hizi, zinakaa kabatini na ufunguo ninao mimi. Wapi! Mkimbiaji akizoea kuficha, anaficha hata mafua.

Kaka aliingia kwenye utafiti kwa sababu ya kiatu cha Daktari. Kisigino kilimtoka mchana mmoja, akampelekea. Kaka akakigeuza, akakitazama, akasema, "Begi unalibeba bega la kulia. Na kwako kuna ngazi nyingi."

Daktari alikuwa amesimama mguu mmoja kama korongo. "Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Umeandika huku chini."

Kesho yake Daktari akamwita ndani. Kaka akauona ule mguu wa plastiki, na saa nzima hatukumpata. "Huu mwembamba wa pembeni una kazi gani? Mbona huu mkubwa umepinda kidogo, wameukosea? Mtu akikimbia, uzito unapita wapi?" Kuuliza si ujinga, lakini kaka yangu akiuliza utatamani kujificha. Daktari hakujificha. Alijibu yote, naye akamuuliza yake, na kufikia saa sita walikuwa wamekubaliana kuyatafuta kwenye soli maumivu ambayo midomo inayaficha.

Njia yenyewe waliibuni wao. Kila Jumatatu asubuhi wakimbiaji waliacha viatu vyao vya mazoezi mezani kwa kaka. Kabla ya kugusa chochote, alipaka soli dawa nyeusi ya viatu, akaigandamiza kwenye karatasi nyeupe, akaandika namba na tarehe. Ndipo akatengeneza kilichoharibika. Karatasi tulizibandika ukutani. Baada ya miezi miwili ungedhani jeshi zima limepanda kuta za chumba chetu.

Wakazisoma pamoja. Watu tisa soli zao zilikuwa zimebadilika, zimeanza kulika upande mmoja. Daktari akawaita na kuwapima mmoja mmoja. Wanne walikuwa na maumivu kweli, waliyoyaficha. Watano hawakuwa na kitu. Mmoja alikuwa amehamia nyumba ya mlimani, wawili ni ndugu waliokuwa wanabadilishana viatu, wa nne aliazima vya rafiki yake, na wa tano viatu vyake vilitafunwa na mbwa.

"Kwa hiyo soli zinasema uongo?" kaka akauliza. Uso wake ulikuwa umeshuka, masikini.

"Hapana, Fundi. Zinatuambia nani arudi kuulizwa."

Hilo likampendeza. Akawa anawaambia wateja wake wote, hata waliokuja kununua kamba.

Sasa nije kwa namba kumi na saba. Huyo ni binti wa kaka, mtoto wangu pia, maana nimembeba mgongoni. Tunamwita Kiberiti kwa jinsi anavyowaka akianza kukimbia. Jumamosi ya wiki ya kumi na moja ya utafiti kulikuwa na mbio za mchujo. Wawili wa kwanza wangechukuliwa timu ya taifa, wasafiri nje kushindana. Kiberiti alikuwa anaisubiri Jumamosi hiyo tangu ana miaka kumi na mitatu, na muda wake wa mita elfu tano ulikuwa bora kuliko wa wenzake wote.

Jumatano ya wiki hiyo Daktari alizipanga mezani karatasi kumi na moja za Kiberiti, za wiki kumi na moja. Zote zilifanana. Soli imenyooka, kushoto na kulia, kama imetoka dukani asubuhi hiyo.

"Hizi zinanisumbua," akasema. "Kila mtu hulika mahali. Huyu halika."

"Huyo katoka kwetu," nikamwambia, najisifu. Kaka alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Daktari hakucheka. "Fundi, viatu vyake unavichapa karatasini lini?"

"Jumatatu asubuhi. Kama vya wengine."

"Na unavitengeneza lini?"

Kaka akazitazama zile karatasi. "Jumapili jioni," akasema. "Nyumbani."

Kila Jumapili baada ya kula, kaka huchukua viatu vya binti yake pale mlangoni, bila kuambiwa na mtu, akavisawazisha palipolika. Amefanya hivyo tangu mtoto ni mdogo. Vya wengine alivichapa kwanza ndipo akavitengeneza. Vya mwanawe vilifika mezani vimeshatengenezwa, kwa sababu yeye hakuwa mteja. Mganga hajigangi! Wiki kumi na moja tulibandika ukutani kazi ya mikono ya baba tukidhani ni mguu wa binti.

Nikawa nataka kumsema, ulimi umeshapata moto, Daktari akanigeukia mimi. "Dada, na fomu zake? Zote zina alama ya hapana. Alikujibu hivyo?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Sikuwahi kumuuliza. Hata mara moja! Nakula naye meza moja, namwona anacheka, anagombania mtandio wangu, nikaona ya nini kupoteza muda. Nilimwekea alama kabla hajaingia. Mimi niliyewabana thelathini na tisa nikawaita waongo, wa arobaini nilimdanganyia mwenyewe.

Kaka hakuninyooshea kidole. Alikwenda kuvichukua vile viatu, vilivyobaki mezani kwake kwa kuwa siku hiyo Kiberiti alivaa vya mashindano, akarudi na kisu, akaanza kubandua. Mpira aliotumia ni mwembamba, hukata kipande cha pale palipolika tu na kukigandisha juu ya kingine. Upande wa kulia vilitoka vipande viwili. Wa kushoto, ukingo wa nje, alibandua kimoja, cha pili, cha tatu, akaendelea mpaka vikawa saba. Alivipanga mezani kwa mstari.

"Saba," akasema. "Mimi naulizauliza hata mifupa ya plastiki. Hapa sikuuliza."

Kiberiti aliitwa kutoka mazoezini, akaja anafuta jasho, anatania kama kawaida yake. Daktari hakumwuliza kitu. Alimwambia avue viatu, asimame kwa mguu wa kushoto, aruke mara kumi. Akaruka mara tatu, akashika ukingo wa kitanda. Hakuna aliyemgusa. Daktari akapiga magoti, akapapasa ugoko kwa kidole gumba mpaka akafika mahali fulani, na mtoto akavuta pumzi kwa meno.

Alhamisi tulikwenda hospitali kupiga picha. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele.

"Ukipumzika wiki nane, kwa kawaida huunga," Daktari alimwambia tulipokuwa tumerudi chumbani, kaka amesimama mlangoni. "Ukikimbia Jumamosi unaweza kuvunjika kabisa, na hapo siahidi kitu. Siwezi kukuzuia. Na kocha simwambii bila ruhusa yako. Mguu ni wako."

Kiberiti alimtazama baba yake. Kaka alikuwa anatazama sakafu. Mimi kimya huniuma, nikaropoka, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Hata mimi mwenyewe neno hilo halikunichekesha, maana huyu alizibiwa kila Jumapili kwa juu, na ufa ukaendelea kwa ndani.

Ijumaa jioni alikwenda kwa kocha peke yake, na magongo aliyopewa hospitali, akamwambia hatakimbia.

Jumamosi nilikaa naye jukwaani. Nilimwambia tubaki nyumbani, akakataa katakata. Bunduki ilipolia alinishika mkono, na kwa mizunguko kumi na miwili na nusu hakuuachia. Aliyeshinda alishinda vizuri, lakini saa ya uwanjani ilipoonyesha muda wake, Kiberiti aliisoma mara mbili.

"Ningewashinda, shangazi."

"Najua, mama."

"Hujui. Ningewashinda wote." Akalia mbele za watu, na mimi nikalia naye, tena kwa sauti, wa kutuangalia watuangalie.

Kaka hakuingia uwanjani. Tulimkuta mezani kwake, amekaa, hashoni kitu. Alituona akainuka, asijue mikono aiweke wapi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Ni mimi niliyeficha." Kisha, kwa kuwa ni yeye, akauliza, "Lakini kwa nini hukusema?"

Kiberiti alijishusha taratibu kwenye kigoda cha wateja, akayalaza magongo chini.

"Ulipoongeza upande wa kushoto peke yake mara ya kwanza, nilijua umeona. Wewe miguu ya watu wote unaiona. Nikangoja uniulize. Jumapili iliyofuata ukaongeza tena, hukuniuliza. Nikasema basi, kama baba ameona na amenyamaza, si kitu cha kuogopa. Nikaendelea kukimbia."

Kaka alikaa. Watu walikuwa wanatoka langoni kwa makundi, wanabishana kuhusu mbio, wengine wanamsalimu kwa kumwita Fundi Soli. Hakuitikia hata mmoja. Alikuwa anamtazama mtoto wake usoni.

"Mguu unauma sasa?"

"Unauma, baba."

Kiberiti akamshika baba yake mkono, akamwonyesha ni wapi.