Bi Arlys na Kanuni ya Kutojibu

Bi Arlys Tollefson ana ugonjwa mmoja: ukimuuliza swali, anakujibu. Kwingine kote Minnesota, jimbo letu hapa Marekani, hiyo ni sifa njema kwa karani wa mapokezi. Kwetu ilikuwa kosa.

Shule yetu ni ya umma, ila inajiendesha yenyewe kwa mkataba maalumu, ndani ya jengo lililokuwa duka la samani. Mkataba unasema mtoto hujifunza kwa kugundua. Kwa hiyo akiuliza, mtu mzima hamjibu, humrudishia swali. Hata milango haina maandishi, ili igunduliwe. Mimi nafundisha darasa la nne, huu mwaka wa tisa, na kanuni hiyo niliiamini kama dini.

Bi Arlys alitujia kutoka shule ya wilaya, baada ya miaka thelathini ya kupokea simu. Mtoto akiuliza, "Bi Arlys, glovu zangu ziko wapi?" yeye husema, "Mfukoni mwako, mwanangu. Haya kimbia, basi linakuacha."

Mkurugenzi wetu, Bwana Hegstad, akisikia hivyo hushika kichwa.

"Arlys, umemnyima nafasi ya kugundua!"

"Nimemnyima nafasi ya kuganda vidole, Marlin. Umeangalia nje?"

Februari tukaletewa mkaguzi. Mkataba ulikuwa unaisha Juni. Asiporidhika, tunafunga, watoto mia na arobaini wanatawanyika, na Bi Arlys na miaka yake sitini na mitatu, nani angemwajiri? Hegstad akamsihi: "Siku moja tu, Arlys. Usijibu kitu chochote." Bi Arlys akaapa. Kisha akaoka sinia zima la keki za limau, maana wasiwasi wake huishia jikoni.

Mkaguzi, Dokta Sundquist, alikuwa mama mrefu aliyekunywa kahawa njia nzima. Kabla hata ya kuvua koti akamuuliza Soren wa darasa la pili choo kiko wapi.

"Wewe unaonaje?" akasema Soren. "Una ushahidi gani?"

Mama wa watu akafungua mlango wa kwanza: mifagio. Wa pili: boila la kupashia jengo joto.

"Sasa tumejifunza nini?" Soren akauliza, uso unang'aa.

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa pale pale nikimpongeza mtoto kwa kutikisa kichwa. Bi Arlys alijiuma midomo mpaka ikapauka. Mwishowe akakohoa kwa nguvu, akielekeza kidevu kushoto. Mkaguzi akaenda huko mbio.

Aliporudi hakuwa na utani. Akasimama mbele ya meza ya mapokezi.

"Mama, nakuomba jibu moja tu lililonyooka. Shule hii ni ya nini?"

Hegstad akafumba macho. Bi Arlys akasogeza kando sinia la keki. Akavua miwani.

"Wewe unaonaje?"

Nikajua tumekwisha. Mkaguzi akamkazia macho, kisha akavuta kiti.

"Yule mtoto wenu ni msumbufu kweli kweli," akasema polepole. "Lakini hakuniacha. Angeweza kwenda zake kucheza. Kila mlango tulifungua naye."

Akaongea nusu saa nzima, anaandika huku anatafuna, vipande vinne vya keki. Bi Arlys alimsikiliza bila kupepesa. Mwezi uliofuata barua ikaja: tumeongezewa miaka mitano.

Hegstad alimkumbatia Bi Arlys mbele ya walimu wote. "Hatimaye umeielewa falsafa yetu!"

"Falsafa gani, Marlin? Miaka minne nakaa pale mezani na sijui shule hii ni ya nini. Nilitaka mtu aniambie."

Walimu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikaona haya. Miaka tisa nawauliza watoto maswali kutwa, na sijawahi kuwauliza hata moja ambalo sikujua jibu lake.