Fimbo Ndefu za Shemeji

Boti ni ya shemeji yake Wynelle, mdogo wa mumewe, kwa hiyo shemeji ndiye mpanga fimbo za kuvulia samaki. Zile ndefu, za futi kumi na sita, huzitandaza upande wake mbele ya boti kama miguu ya buibui. Zile fupi humwekea Wynelle. "Ndefu zinataka mkono wa kiume, shemeji," husema, huku akilamba vidoleni chumvi ya karanga za kuchemsha. Wynelle hununa. Maji ya ziwa lile la Mississippi yakiwa maangavu, samaki hukimbia kivuli cha boti, na fimbo fupi haziendi mbali na kivuli. Kila anapovuta samaki, shemeji hupiga mluzi wa wimbo uleule wa kanisani, kisha huuliza, "Samaki wako hawajaamka?" Mkono wa kiume! Mkono usioweza hata kufungua kopo la soseji mpaka Wynelle alifungue!

Jumamosi hii mluzi haukusikika. Ncha ya fimbo ndefu ilizama, shemeji akaidaka, ikatetemeka mkononi mwake mpaka samaki akachomoka. Ikazama nyingine, naye huyo akaponyoka. Shemeji akapapasa kiwiko kilichomuuma, akatazama maji, kisha akaanza kuhamisha fimbo: ndefu kwa Wynelle, fupi kwake. Hata kuomba hakuomba! Wynelle akameza hasira, akanyanyua ya kwanza iliyozama, akaingiza botini samaki mpana kama sahani.

Shemeji akapiga mluzi. "Unaona sasa?" akasema. "Miaka yote nakwambia ndefu ndizo zinazokufaa, wewe unang'ang'ania fupi!"