Taji la Kijani la Bi Rosalba

Mwaka ule Paris nzima ilitaka kuwa kijani, na aliyeanzisha mambo ni mcheza bale mmoja. Rosalba Conti alitokea jukwaani kama malkia wa msitu, sketi ya shashi nyepesi kama pumzi, kichwani taji la majani yanayometa. Kabla wiki haijaisha, mabibi wa vyeo walikuwa wanaulizana majani yale yamenunuliwa wapi. Wakayavaa kichwani, kifuani, kwenye pindo za magauni. Wakawavisha hata mbwa wao. Ilisemekana kuwa nje ya kanisa farasi wa gari la kukodi alinyofoa kofia ya bibi mmoja akaitafuna, na mji ukacheka mpaka mbavu zikauma. Zélie Maupas aliposikia habari hiyo hakucheka. Aliuliza tu yule farasi anaendeleaje.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Majani yale yalitoka mikononi mwake na mwa wasichana wenzake, katika karakana ya Bi Tardieu, juu kabisa ya nyumba moja ya mtaa wa Saint-Denis. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unakata kitambaa kwa umbo la jani, unakichovya kwenye nta, kisha unakinyunyizia unga wa kijani na kuupigapiga kwa vidole mpaka ushike. Unga uliruka ukatua kwenye nyusi, kwenye mkate, kwenye supu. Kila mmoja alijua kuwa unga ule ni ndugu wa sumu ya panya, na Bi Tardieu mwenyewe hakuficha. Alisema panya anaula, nyinyi mnaupaka tu, basi kuna ubaya gani.

Aliyekaa ubavuni mwa Zélie aliitwa Ursule. Walilala kitanda kimoja na kuvaa shali moja kwa zamu. Ursule alikuwa na mdomo usiojua msiba. Hata vidonda vilipomtoka puani na kucha zikaanza kung'oka, bado aliwachekesha wenzake.

"Nikifa mnizike bustanini," alisema. "Nitaota nyasi bila kupandwa."

"Nyamaza ule," Zélie akamwambia.

"Nile nini, dada? Kila kitu kina ladha ya shaba."

Mwisho akawa hatapiki chakula tena, anatapika maji ya kijani. Daktari wa maskini alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema ni kifua. Walimzika asubuhi. Alasiri kiti chake kilikuwa kimeshapata mtu, maana maombi ya mataji yalikuwa yamejaa meza.

Siku chache baadaye Bi Tardieu alimtuma Zélie apeleke taji jipya kwenye jumba la dansi na amvishe Bi Rosalba mwenyewe, lisije likamlegea. Zélie hakuwahi kuingia mle. Alipitishwa mlango wa nyuma, kwenye korido yenye harufu ya jasho na gundi, mpaka chumba ambamo mwanamke mwembamba alikuwa ameketi mbele ya kioo. Alipomvua taji la zamani, nywele zilitoka nalo. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka pande zote, imefanya magamba, na juu ya magamba imepakwa poda nyeupe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Huyu kilikuwa utosini.

"Mbona unanitumbulia macho hivyo, mwanangu?" Rosalba alisema. "Hujaona kichwa?"

"Nimeona, Bibie. Mwenzangu alianza hivihivi."

"Yuko wapi sasa?"

"Tumemzika juzijuzi."

Rosalba alichukua kisponji cha poda, akakirudisha mezani. "Unaweza kunitengenezea lisilo na unga huo? Kimyakimya, mama yako wa kazi asijue?"

"Halitameta, Bibie."

"Watazamaji wako mbali. Wataona wanachotaka kuona."

Zélie alilitengeneza chumbani kwake, kwa rangi ya mimea waliyotumia mafundi wa zamani. Alijua akikamatwa hana kazi. Lakini alipokuwa akikunja majani yale alimwona Ursule, na vidole vyake havikusita. Alipolipeleka, Rosalba alimshika shavu, akamwambia abaki kando ya pazia atazame.

Hivyo ndivyo Zélie alivyoiona bale kwa mara ya kwanza. Alikuwa amedhani ni kurukaruka kwa watu wenye nafasi. Alimwona yule mwanamke mwenye vidonda kichwani akipanda juu ya ncha za vidole na kubaki pale, kana kwamba ardhi imemsamehe uzito wake, na Zélie akajikuta analia bila kujua analilia nini.

Kisha taa za gesi zikaongezwa. Chini ya mwanga ule majani yalipoteza rangi, yakawa kama nyasi za mwaka jana.

"Malkia, msitu wako umekauka!" mtu akapaza sauti kutoka viti vya juu.

"Mleteeni punda ale!" akajibu mwingine.

Kicheko kikashuka kama mvua ya mawe. Rosalba hakupoteza hatua hata moja, akacheza mpaka mwisho. Aliporudi nyuma ya pazia, msimamizi wa jumba alikuwa anamngoja, uso umemwiva.

"Uchafu gani ule kichwani?"

Rosalba alimtazama Zélie. Kisha akanyoosha kidole. "Muulize huyu. Ndiye aliyeniletea takataka."

"Si uliniagiza wewe, Bibie?"

"Mimi? Nikuagize majani makavu?"

Walimtoa kwa mlango uleule wa nyuma. Kesho yake Bi Tardieu alimfukuza mbele ya wenzake. Zélie alifunga shali yake, akawaambia wasichana angalau wafunike mkate. Mmoja akamjibu bila kuinua macho, "Nenda, dada. Unatupotezea mwanga."

Rosalba alirudia taji linalometa, akacheza nalo mpaka karibu na Pasaka. Baada ya hapo alivaa nywele za bandia, na vuli ilipoingia mtindo ukawa zambarau, na malkia wa msitu hakuitwa tena. Zélie aliajiriwa kufua kwenye jahazi la madobi, lililofungwa kando ya mto Seine. Maji yalikuwa barafu, mgongo ulimuuma, lakini vidonda vilifunga, na kabla ya mwaka kwisha supu ilirudi kuwa na ladha ya supu.

Siku moja dobi mwenzake, aliyekuwa amesikia kisa chote, alimuuliza kama ni kweli alimwona yule Conti kwa macho yake.

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

"Alicheza vizuri."

"Si ndiye aliyekuponza?"

"Ndiye," Zélie akasema, akakamua shuka. "Na alicheza vizuri."