Moshi Tulioufukuza Nyumbani Mghange

Kwa nini nyumba iliyosimama miaka thelathini ilipiwe bima ghali kuliko nyumba iliyomalizwa juzi, ilhali ile ya zamani ndiyo iliyokwisha kuonyesha kwamba inajua kusimama? Swali hilo niliulizwa nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekuja likizo nyumbani Mghange, na aliyeniuliza alikuwa jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya gadi wa treni. Nilisema tu kwamba mambo ya bima yana hesabu zake, kama wasemavyo wasomi wakishindwa. Juma lililopita nililetewa habari kwamba mzee huyo amefariki dunia katika chumba cha kupanga Kaloleni, mjini Voi. Jumamosi tulimpandisha mlimani, tukamzika nyuma ya kuta za nyumba yake. Nasema kuta kwa sababu paa halipo. Mvua ilipoanza katikati ya ibada, waombolezaji walikimbilia mlangoni kwa mazoea, wakaingia ndani, wakakuta mvua imewatangulia. Hasira ninayoandika nayo leo ilianzia pale, kwenye nyumba ambayo mwenyewe aliilipia bima mwaka baada ya mwaka asikose hata mara moja.

Wengi waliomjua walimjua relini. Alikuwa mtu wa bendera, filimbi na karatasi, na kati ya hivyo vitatu alipenda zaidi karatasi. Wazee wa Voi bado wanasimulia siku aliyoizuia treni ya Taveta isiondoke kwa sababu hati ya ukaguzi wa breki haikuwa na sahihi. Ndani ya treni mlikuwa na mkubwa mmoja wa serikali aliyekuwa akichelewa mkutano. Mkubwa akatoa kichwa dirishani, akafoka: “Wewe gadi, unanijua mimi ni nani?” Mzee akamjibu kwa adabu zote: “Nakujua sana, mheshimiwa. Lakini breki hazikujui.” Treni ilingoja mpaka fundi alipopatikana, akakagua, akatia sahihi. Watu walicheka kwa miaka, lakini yeye hakuona kichekesho. Kwake karatasi ilikuwa ahadi ya watu wawili: wewe umefanya lako, na yule wa upande wa pili, usiyemwona, amefanya lake. Ndivyo treni mbili zinavyoweza kutumia reli moja bila kugongana. Mtu akiishi hivyo maisha yake yote ya kazi, unaweza kumlaumu kwa kuiamini karatasi ya bima?

Nyumba yenyewe aliijenga akiwa bado kijana kazini, likizo kwa likizo. Kuta zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo na kupigwa lipu ya saruji, paa la mabati, na boriti za miti ya mlimani aliyoichagua mwenyewe. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa na mafiga, kama nyumba nyingi za kwetu wakati ule, na juu ya mafiga palikuwa na dari la kuwekea mahindi. Moshi ulipanda, ukapita katikati ya mahindi, ukazilamba boriti, kisha ukatokea kwenye upenyo chini ya mabati. Boriti zilikuwa nyeusi tii, zinang'aa kama chungu cha siku nyingi. Nikiwa mtoto nilidhani miti ya namna hiyo huota ikiwa nyeusi.

Basi likizo ile kampuni ya bima ilimletea fomu mpya, ya Kiingereza kitupu. Akaniita. “Njoo, msomi, utusomee wageni wanasemaje.” Tukaijaza pamoja mezani, mke wake akichambua mboga mlangoni. Fomu ikauliza umri wa nyumba, kuta ni za nini, kikosi cha zimamoto kiko umbali gani. Hapo mke wake akacheka mpaka akaweka mboga chini. “Mwandikie zimamoto ya hapa ni mimi na jirani zangu na ndoo zetu!” Mwisho fomu ikauliza kama kuna moto wa kuni unaowashwa ndani ya nyumba. Tukaandika kweli: upo, kila siku. Kabla likizo haijaisha barua ikaja. Malipo yamepanda, kwa kuwa nyumba ni kuukuu na iko mbali na huduma za zimamoto. Aya ya mwisho ilisema kwamba moto wa kuni ndani ya jengo huongeza hatari, na mwenye nyumba anashauriwa kuuondoa.

Hapo ndipo aliponiuliza lile swali, nami nikashindwa. Ila nilitaka kuonekana nina la kusema. Nikamwambia umri wa nyumba hatuwezi kuupunguza, na zimamoto hatuwezi kuisogeza, lakini moto tunaweza kuutoa. Mke wake akainua macho. “Moto utoke uende wapi? Huo moshi ndio fundi wetu, mwanangu. Ndio unaolinda boriti.” Nikatabasamu lile tabasamu la mtu aliyesoma. Nikasema: “Mama, hizo ni imani za zamani. Moshi unaharibu macho tu.” Akamgeukia mume wake: “Na wewe! Hata kunguru akikudondoshea karatasi utatia sahihi!” Mzee akakunja barua vizuri, akaitia bahashani. “Treni haiondoki bila karatasi, mama watoto.” Juma lile lile alijenga jiko la mabati uani, mafiga yakahamishwa, upenyo wa chini ya mabati ukazibwa kwa saruji, na chumba cha nyuma kikapakwa chokaa nyeupe. Tuliandika barua kuijulisha kampuni. Nilirudi chuoni nikijiona nimeleta maendeleo.

Mimi niliyekuwa nikibishana na wahadhiri kuhusu kila kitu chini ya jua, sikuuliza hata swali moja kuhusu ile aya ya mwisho.

Mchwa na dumuzi hawakuchelewa. Boriti zilizokuwa zikikaushwa na kupakwa masizi kila siku kwa miaka thelathini zilianza kudondosha unga mwembamba wa manjano juu ya magunia. Mke wa mzee aliufagia kila asubuhi, akamwonyesha mumewe, naye mumewe akasema atawaandikia kampuni, na kweli aliwaandikia. Hakuna aliyejibu. Masika ya tatu, mchana mmoja wenye upepo, paa la chumba cha nyuma likashuka lote pamoja na dari na mahindi, likavuta na nusu ya chumba cha mbele. Mke wake alikuwa shambani. Hilo ndilo la kumshukuru Mungu, na silioni jingine.

Ndipo kampuni ilipomtuma mtu wake kwa mara ya kwanza. Kwa miaka yote ya kupandisha malipo hakuna aliyewahi kupanda mlima kuitazama nyumba, lakini wakati wa kukataa kulipa walijua njia. Alichomeka kalamu kwenye boriti, ikaingia kama kwenye muhogo uliochemka. “Mzee, hii ni hasara ya polepole,” akasema. “Bima hulipa jambo la ghafla, kama moto.” Mzee akayatazama mabati chini, akayatazama mawingu kupitia pale palipokuwa na paa. “Kijana, ungekuwa umesimama hapo ulipo siku ile, ungeliona polepole gani?” Yule mtu akacheka, akaomba radhi kwa kucheka, akaandika alichotumwa kuandika. Mzee hakuweza tena kununua mbao na kuzipandisha mlimani. Walishuka Kaloleni, kwenye chumba kimoja na joto la Voi, yeye aliyezaliwa kwenye ukungu. Kila mwezi alikuwa akisema wanarudi mwezi ujao.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Ajenti mmoja wa bima pale Voi aliwahi kunieleza kwa subira kwa nini nyumba za zamani za mashambani hulipiwa ghali. Nyumba kuukuu ikivunjika, alisema, haijengwi tena kwa bei iliyojengewa. Saruji na mbao hupandishwa mlimani kwa lori, na fundi wa mawe hapatikani kila kijiji. Nyumba iliyo mbali na gari la zimamoto ikishika moto huungua mpaka msingi. Yote hayo nayakubali. Lakini nauliza, na nataka nijibiwe: ni nani aliyeiweka zimamoto mbali? Sisi hatukuihamisha Mghange. Mlima ulikuwa hapo kabla ya reli. Wakubwa waliopanga gari la zimamoto likae mjini hawalipi chochote kwa uamuzi huo. Anayeulipia ni mstaafu wa mlimani, kila mwaka. Tena nauliza, umri wa nyumba ukihesabiwa kuwa kosa, mbona kuitunza hakuhesabiwi kuwa sifa? Fomu haikuuliza nani anaangalia boriti, wala kama majirani huja na ndoo. Iliuliza yale tu ambayo mtu aliyekaa ofisini, asiyewahi kufika kwetu, angeweza kuyadhania.

Baada ya mazishi nilikaa na mjane. Nilitaka kumwomba msamaha. Akanitangulia. “Usilie, msomi. Mimi nilisema mara moja tu, kisha nikanyamaza. Ningesema mara kumi.” Somo ninalolichukua ni hilo, na nawaachia wenye nyumba za zamani huko Mbololo, Mghange na kwingineko. Kabla ya kutia sahihi, uliza hati inalipa nini na hailipi nini, na uandikiwe kwa lugha unayoielewa. Ukishauriwa kubadili nyumba yako, mwambie anayekushauri aje aione kwanza. Na aliyeishi ndani ya nyumba akisema jambo kuhusu nyumba hiyo, aliyesoma afunge mdomo asikilize.

Mwaka huu nilikutana na mwanamke tuliyesoma naye, ambaye alikuwa mpiga taipu katika ofisi ile ile ya bima miaka ile. Aliniambia kwamba malipo ya nyumba zote za nje ya miji yalipangwa kwa mambo mawili tu, umri wa nyumba na umbali wa zimamoto, na kwamba majibu ya swali la moto hayakusomwa na mtu yeyote. Ile aya ya kushauri moto uondolewe ilikuwa imechapishwa tayari chini ya kila barua, hata zile zilizotumwa kwa nyumba za mjini zilizopikia stima.